Wageni wa Joho Jeusi Washukao Mida

Ukimwambia mtu wa Mombasa kwamba kesho unakwenda kutazama ndege, swali la kwanza atakalokuuliza ni, "Unampokea nani?" Kwake yeye ndege ni ile ya chuma ituayo Port Reitz, na mtu haendi kuitazama ila awe na hujaji wake anayerudi Makka, au kijana wake anayerudi Arabuni. Ukimfahamisha kwamba unakusudia ndege wa manyoya, warukao kwa mbawa walizopewa na Mola wao, atacheka. Atakwambia hiyo ni kazi ya Wazungu wasiokuwa na shughuli.

Nasema kazi hiyo ni yetu kabla ya kuwa ya Wazungu. Tumesomeshwa chuoni, tukiwa wadogo wa kukaa mkekani, habari za Nabii Suleiman na hudihudi wake aliyemletea khabari za Saba. Tumesomeshwa Suratul Fiil na ndege walioliangamiza jeshi la Abraha. Katika Suratul Mulk tumeamrishwa tuwatazame ndege juu yetu, wanavyozikunjua mbawa na kuzikunja, na tujiulize ni nani awashikiliaye wasianguke. Basi mwenye kuinua macho kumtazama ndege hakuiga ada ya mtu yeyote. Ametii.

Kwa nia hiyo, mwezi wa Januari, kaskazi ikiwa imekaza, nilifunga safari ya kutwa moja kwenda kijiji cha Mida, katika Kaunti ya Kilifi.

Siku yenyewe niliichagua kwa mwezi wa mbinguni. Mtu wa pwani hahitaji karatasi ya kumwonyesha nyakati za maji. Mwezi ukiandama na mwezi ukitimia huwa ni bamvua, na siku za bamvua maji hupwa sana kiasi cha saa nne au saa tano za asubuhi, yakajaa alasiri. Ndege wa ufukweni hawana saa nyingine ila hiyo. Maji yakipwa hutawanyika mbali matopeni kutafuta riziki, hata jicho lisiwafikie. Yakianza kujaa husukumwa polepole mpaka karibu na mtu. Mwenye kutaka kuwaona na afuate hesabu yao.

Nilisali alfajiri, nikapanda matatu ya Malindi. Tulivuka daraja la Kilifi, ambalo tangu 1991 limetupumzisha na taabu ya kungojea kivuko, tukapita mashamba ya katani na minazi. Saa tatu kasorobo nilishuka Mida, kabla ya kufika Gede yenye magofu na misikiti ya mawe ya wazee wetu.

NEEMA MBILI, BARABARA MOJA

Hapo Mida barabara kuu inapita baina ya neema mbili. Mkono wa bara uko msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye kilomita za mraba zipatazo 420, ambao ndio mkubwa kuliko yote iliyosalia katika misitu mikavu ya pwani ya Afrika Mashariki. Mkono wa bahari iko hori ya Mida, mkono wa bahari ulioingia ndani ya nchi ukajipamba kwa mikoko pande zote. Hori hiyo imo katika hifadhi ya bahari ya Watamu tangu 1968.

Aliyenipokea ni kijana wa Kigiriama mwenye umri usiozidi miaka thelathini, ambaye kazi yake ni kuwaongoza wageni. Alisoma sekondari kwa msaada wa mpango ulioanzishwa 2001 kwa ajili ya watoto waishio kandokando ya msitu na hori. Wageni wajao kutazama ndege na kupita juu ya njia ya mbao iliyojengwa ndani ya mikoko hulipa ada, na sehemu ya fedha hizo hulipa karo. Niliposikia hayo nilianza kuona kwamba ndege si jambo la mchezo katika kijiji hiki.

"Mzee," aliniambia, "maji bado yanapwa. Twende kwanza msituni, tuwasabahi wenye nyumba. Wageni wa hori tutawaona jioni."

BUNDI NA UCHURO

Mwenye nyumba aliyemkusudia ni bundi. Najua wasomaji wengi hapa watasema audhubillahi. Kwetu sisi bundi akilia juu ya paa, mama hutoka nje akamfukuza kwa chumvi na kwa maneno makali, kwa kuwa inasemwa ameleta msiba.

Tulitembea mchangani kwa kiasi cha nusu saa, katika miti mifupi iliyosongamana. Kijana alikuwa mbele, mimi nyuma, kimya. Kisha akainama akanionyesha kwa kidole tawi moja lililokuwa karibu na ardhi. Nikawaona wawili, wamekaa bega kwa bega kama maharusi waliosinzia. Bundi mmoja alikuwa rangi ya kijivu, wa pili rangi ya udongo mwekundu. Urefu wao haukutimia shubiri moja. Walifumbua macho ya manjano, wakatutazama, wakayafumba tena.

Bundi huyu alijulikana na wataalamu wa nje mwaka 1965 hapo hapo Sokoke, na mwaka uliofuata akaandikwa vitabuni. Hata hii leo miongoni mwa mahali pengine ajulikanapo kuishi ni chini ya milima ya Usambara, Tanganyika ya zamani. Watu hutoka Ulaya na Marekani, wakapanda ndege mbili tatu, ili wamwone huyu ambaye sisi humtupia chumvi.

Nilimwuliza kijana, "Kwenu wanasemaje juu ya kazi yako?"

Akacheka. "Mzee, siku niliyomwambia bibi yangu kwamba nimeajiriwa kutafuta bundi, alikaa siku mbili hasemi nami. Alisema nitawaletea kifo nyumbani."

"Na sasa?"

"Sasa mdogo wangu yuko shule kwa fedha za bundi. Asubuhi bibi huniambia, 'Nenda kamtazame bundi wako kama yuko salama.'"

Hapa nitasema neno moja na wenzangu Waislamu. Waarabu wa zama za ujahili walikuwa na ada ya kumshtua ndege kabla ya safari. Akiruka kulia, huenda. Akiruka kushoto, hurudi nyumbani. Ndiyo maana kwa Kiarabu kuchukua uchuro kunaitwa tiyara, neno lililotokana na lile la ndege. Bundi naye walimwita haama, wakaamini kwamba ni roho ya mtu aliyeuawa, inayolilia kisasi. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliyabatilisha yote mawili, tiyara na haama, katika hadithi iliyo sahihi na maarufu. Basi anayemwogopa bundi leo amerithi mambo ya ujahili, na wala hakuyarithi kwa Mtume. Bundi hana khabari za vifo vyetu. Anatafuta panzi na wadudu wa usiku awale.

Wako na wenyeji wengine humo msituni. Yuko kwerea mmoja ambaye vitabuni huitwa kwa jina la Clarke. Yeye haonekani popote duniani ila katika Kilifi yetu hii, huko Arabuko-Sokoke na katika misitu ya Dakatcha, nyuma ya Malindi. Aliandikwa vitabuni mwaka 1913, lakini kiota chake hakikupatikana mpaka 2013, katika kidimbwi chenye majani huko Dakatcha. Kwa miaka mia wataalamu walimtafuta ndege huyu anakotagia, naye alikuwa akitaga mlangoni petu.

KAA, MIKOKO NA RIZIKI

Adhuhuri tulisali katika msikiti mdogo wa kijijini, kisha tukaenda kula kando ya hori. Hapo wanakijiji hufuga kaa na kuuza sambusa za kaa kwa wageni. Suala la kaa katika madhehebu ya Imam Shafi lina maneno marefu, nami niliwaachia wanavyuoni, nikala samaki. Lakini ndege tuliowafuata siku hiyo hawana madhehebu ila kaa.

Karibu na hapo nilimkuta mama mmoja wa makamo, kanga kiunoni, akipanda miche ya mikoko pamoja na wenzake. Nilimwamkia, nikamwuliza mti huo utamfaa nini katika umri wake.

"Baba," alinijibu, mikono imo matopeni, "huu mimi siuvuni. Nyanya yangu alinikuta na mikoko aliyoikuta yeye. Mimi niliikuta imekatwa. Sitaki mjukuu wangu aje akute tope tupu."

Nilimkumbusha hadithi ya Mtume kwamba Mwislamu apandaye mti, kisha akala katika mti huo mtu au ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Alinyamaza kidogo, akasema, "Basi sadaka yangu italiwa na ndege kwanza, maana wao huamka mapema."

Mikoko hiyo zamani ilikuwa biashara kubwa. Majahazi yalikuja na kaskazi kutoka Omani na Ghuba yamepakia tende, chumvi, papa na mazulia, yakarudi na kusi yamejaa boriti. Nyumba nyingi za Arabuni ziliezekwa kwa miti ya pwani yetu. Mwaka 1982 serikali ilipiga marufuku kuipeleka nje, kwa kuwa ilikuwa inakwisha. Tumejifunza kwamba mkoko ulio hai una kazi kubwa kuliko boriti. Majani yake huanguka, yakaoza, yakawa chakula cha kaa. Kaa huchimba mashimo, tope likapumua. Samaki wadogo na kamba hujificha katika mizizi mpaka wakue, ndipo watoke baharini tuwavue. Mizizi hiyo hiyo huzuia udongo usiende kuyafunika matumbawe. Mnyororo huu ukikatwa pete moja, sufuria ya mtu wa Watamu huwa tupu.

WENYE JOHO JEUSI

Saa nane na nusu maji yalikuwa yamekwisha geuka. Kijana alisimamisha darubini yake ya miguu mitatu juu ya mchanga, akaniambia nisubiri. Kwanza tuliwaona vitwitwi, makundi kwa makundi, wakikimbia mbele ya maji kama watoto. Miongoni mwao walikuwamo waliotagiwa Siberia, kwenye barafu. Akapita sululu, na mdomo wake ni sululu kweli kweli, ya kuchimbulia tope. Heroe walisimama mbali, wekundu kidogo, vichwa chini.

Kisha wakaja tuliowakusudia. Walikuja wakiruka chini chini juu ya maji, wakipiga kelele, wakatua wote pamoja penye mchanga uliosalia, labda mia mbili. Ni ndege wa miguu mirefu ya kijivu. Mwili wote ni mweupe, na mgongoni wana weusi uliokatwa vizuri, kama shekhe wa Kimanga aliyevaa kanzu na joho juu yake. Mdomo ni mnene, mweusi, kama kisu kifupi. Wataalamu humwita Dromas ardeola, na katika jamaa yake ndiye peke yake. Hana ndugu mwingine wa ukoo huo.

Kijana alisema, "Hawa, Mzee, wametoka kwa Waarabu."

Alisema kweli. Ndege hawa hutaga katika visiwa na fukwe za mchanga za Ghuba, pwani ya Omani karibu na kisiwa cha Masira, Bahari ya Shamu, na nchi ya Somalia. Huanza kufika kwetu toka Agosti, wakawa wengi wakati wa kaskazi, wakaondoka kiasi cha Aprili. Ni njia ile ile ya majahazi, ila nahodha wa jahazi alingoja pepo, na hawa hawangoji. Majahazi yamekwisha. Wao bado wanakuja.

Jambo la ajabu zaidi ni uzazi wao. Ndege wengi wa ufukweni hutaga juu ya ardhi mayai matatu manne. Huyu huchimba shimo refu ndani ya mchanga, akataga yai moja tu, jeupe. Joto la mchanga uliochomwa na jua ndilo limsaidialo kuliatamia, hata mzazi akaweza kuliacha kitambo akatafute chakula. Kinda akitoka hulishwa humo shimoni. Na akishajua kuruka haachwi. Husafiri na mzazi wake maelfu ya maili, wakafika naye Afrika, na hapa hapa akaendelea kulishwa.

Hilo nililiona kwa macho yangu. Katika kundi lile alikuwako mmoja ambaye weusi wake haujakolea, mgongo wa kijivu. Alikuwa akimfuata mkubwa wake hatua kwa hatua, kichwa ameinamisha, akilia mluzi mwembamba wa kuomba. Mkubwa alikimbia, akasimama, akapiga mdomo matopeni mara moja, akatoka na kaa. Akampa mtoto.

Nilikumbuka hadithi ya safarini, masahaba walipochukua makinda ya ndege mmoja, mama yake akaja akipapatika juu yao. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliuliza ni nani aliyemtia huzuni ndege huyu kwa watoto wake, akaamrisha warudishwe. Yule aliye mbele yangu pale Mida ana mtoto mmoja tu kwa mwaka. Akiuawa kwa jiwe la mchezo au kwa tundu la mtegoni, mtoto hana wa kumlisha, na Arabuni hapana yai la pili lililobaki akiba. Ndege wote wa jinsi hiyo duniani ni makumi machache ya maelfu. Ni wachache kuliko watu wa mtaa mmoja mkubwa wa Mombasa.

UA ULIOFIKA MAJINI

Mvuvi mmoja mzee, Mbajuni, alikuwa akikalafati dau lake karibu nasi. Nilimsalimu, akanikaribisha nikae juu ya gogo. Nilimwuliza anawaitaje ndege wale.

"Sisi ni wala-kaa tu, Maalim," alisema. "Mimi nimewakuta, na babangu aliwakuta. Wakati wao ukifika twajua msimu umekuja."

"Wanawapunguzia riziki?"

"La. Wao hula kaa wadogo wa tope. Mahali wasipotua wao, na mimi sitegi. Wakikosa wao, jua mimi nitakosa."

Kisha aliinua kidole akanionyesha ng'ambo, ambako ukuta mpya ulikuwa umeshuka mpaka penye alama ya maji makuu. "Ua umefika majini," alisema. "Maji yakijaa ndege hukosa pa kusimama, na sisi hukosa pa kupita. Sote twafukuzwa na mbwa mmoja."

Sikumwuliza ukuta ni wa nani. Lakini maneno yake ndiyo niliyorudi nayo Mombasa, kwa kuwa ndiyo kiini cha jambo lote. Hori ikiwa na maji mafu, kila mtu huona nafasi tele. Bamvua likijaa, mchanga mkavu unaobaki ni kidogo sana, na hapo ndipo ndege mia mbili wanapumzika kwa saa chache ili wapate nguvu za kurudi kwao Aprili. Ukipachukua hapo, umeifunga bandari. Ndege wa kutoka Omani hawezi kuhamia hori nyingine kama mtu ahamavyo chumba cha kukodi, kwa sababu hori zenye tope, kaa na mikoko kama hii zinahesabika katika pwani yote.

Wenye kutetea viwanja husema nchi ni lazima iendelee. Mimi sipingi maendeleo. Nasema tu kwamba karo iliyomsomesha yule kijana imetokana na hori iliyo wazi, na samaki wa yule Mbajuni ametokana na hori iliyo wazi, na miche ya yule mama haitamea chini ya saruji. Hayo pia ni mali, na yana warithi.

Tulikaa mpaka jua likakaribia kuchwa. Ndipo walipokuja keremkerem wekundu, mamia kwa mamia, wakazunguka juu ya mikoko kama makaa yaliyopeperushwa na upepo, wakashuka kulala. Hao nao ni wageni, wametoka nchi za kaskazini ya ikweta. Kijana alinieleza kwamba kusi ikianza, penye mlango wa mto Sabaki hufika wengine kutoka Bukini. Basi pwani hii haikosi mgeni. Wa kaskazi akiondoka, wa kusi hubisha hodi.

TUYAOKOE MAJINA

Kijana yule anawajua ndege wote wale kwa majina ya Kiingereza, na wengi kwa Kigiriama. Kwa Kiswahili alikuwa na machache. Lawama si yake, hatukumpa. Nilipomtajia sululu, kitwitwi, heroe, keremkerem, buabua, mdiria, ninga, pugi, shorewanda na chozi, alitoa daftari mfukoni akaandika moja moja, akiniuliza lipi ni la nani. Lugha iliyotoa majina hayo ilikuwa ya watu waliotazama, si ya watu waliopita tu. Na kitu kisicho na jina ni rahisi kujengewa ukuta, kwa kuwa hakuna atakayesema nini kimepotea.

Kwa hiyo nina ombi kwa wasomaji wa ukurasa huu. Nyinyi mlio Vanga, Shimoni, Gazi, Takaungu, Mambrui, Siyu, Pate na Faza, mna wazee waliokwenda na bahari. Kaeni nao baada ya sala ya Isha, muwaulize walivyowaita ndege wa ufukweni, na hasa huyu mwenye joho jeusi alaye kaa. Yaandikeni majina, mtaje na kijiji, mumletee mhariri. Nami, Inshallah, nitayakusanya niyachape hapa, na nakala ya kwanza nitampelekea yule kijana wa Mida kabla ya Aprili, wageni wake hawajaondoka.